Kutoka mlolongo hadi fomu 34A

Mwaka 1988 Wakenya walipiga kura kwa miguu. Katika mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, mpiga kura alipanga foleni nyuma ya mgombea wake au picha yake, vichwa vikahesabiwa mchana kweupe. Aliyezoa zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Wapo waliokuwa na foleni fupi na bado wakatangazwa washindi. Nani angebisha? Watu walipotawanyika, ushahidi ulitawanyika nao.

Kura ya siri ilirudi mwaka 1992 pamoja na vyama vingi, lakini hila zikahamia kwenye kujumlisha. Baada ya uchaguzi wa 2007, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alikiri hajui nani hasa alishinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Tume ya jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ikapendekeza matokeo yapelekwe kwa mitambo.

Mitambo ilikuja mwaka 2013, ikaaibisha. Kompyuta za kutambua alama za vidole ziliishiwa na chaji katika madarasa yasiyo na umeme, makarani wakarudia daftari la karatasi. Mfumo wa matokeo nao ulizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Mwaka 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume ya uchaguzi, aliuawa. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Tume ilikuwa imeagizwa na mahakama ifungue seva zake, lakini haikutii ipasavyo.

Kilichobadilisha mambo mwaka 2022 ni karatasi. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza kwa kalamu fomu 34A ya matokeo ya urais, mawakala wa wagombea hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni na fomu halisi hupigwa picha kwa kifaa cha tume. Safari hii picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, na yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi ikafika Mahakama ya Juu, lakini mara hii kila upande ulikuwa na fomu zile zile za kulinganisha.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Ewe mpiga kura, usiondoke kituoni kwako kabla hujaiona fomu hiyo mlangoni, na uipige picha.