MTO WERUWERU, MWALIMU WA USHIRIKA

Ushirika wetu unapotimiza miaka 10, yafaa wanachama tuukumbuke mto uliotufundisha kushirikiana kabla ya daftari la kwanza kufunguliwa. Mto huo ni Weruweru, ushukao upande wa kusini wa Kilimanjaro na kuzitenga nchi za Machame na Kibosho.

Wengi hudhani kwamba maji yake ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Sivyo. Barafu ya mlimani, iliyoenea kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912, leo haifiki 2, na mchango wake mtoni ni mdogo. Mlezi wa mto ni msitu. Huko, kiasi cha meta 2,200 juu ya bahari, mvua hukaribia milimeta 3,000 kwa mwaka; miti na udongo huipokea na kuitoa polepole katika chemchemi.

Chini ya msitu mto umechimba bonde refu kwenda chini, hata mwenye shamba ukingoni huyasikia maji asiweze kuyateka. Kwa hiyo wazee wetu walichimba mifongo: waliyakinga maji mbali huko juu, wakayaongoza ubavuni mwa bonde mpaka migombani. Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kila mfongo ulikuwa na mzee wake, aliyegawa zamu za maji na kuwaita watu kuuzibua. Asiyefika kazini alitozwa faini, ama alinyimwa zamu.

Kahawa ilipoenea, maji hayo hayo yalitumika kumenyea na kuoshea buni. Basi wakulima wa mlimani walipoanzisha chama cha KNPA mwaka 1925, na baadaye KNCU mwaka 1933, walikuwa watu waliokwisha kuzoea kutii zamu.

Lakini mto hauishii kwetu. Weruweru huungana na Kikafu, ukaingia Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu. Kisha maji hushuka kwa mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyofunguliwa mwaka 1964, hata yafike baharini. Hao wote wa chini ni wenzetu wa mfongo mmoja, ingawa hatuwaoni.

Sheria ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru, ndani ya meta 60 za ukingo wa mto. Wazee hawakuandikiwa sheria hiyo, walakini walijua kwamba akataye mti chemchemini huikata zamu ya jirani yake, na mwishowe yake mwenyewe. Tuulinde Weruweru, wanachama, kama tulindavyo hisa zetu.