Bei ya Kidole

Mwaka 1678 mwandishi Exquemelin alichapisha viwango vya fidia vya maharamia wa Karibi: mkono wa kulia vipande 600 vya fedha, wa kushoto 500, jicho 100. Angalau walijua mkono upi hushika upanga. Majedwali ya fidia katika sheria za kazi za leo hupima kiungo zaidi kuliko kazi yenyewe, hivyo kidole cha fundi cherehani na cha mlinzi huweza kupewa asilimia ileile ya ulemavu.

Watetezi husema jedwali huepusha kesi ndefu. Ni kweli: kabla ya sheria ya fidia ya 1897, kibarua wa Uingereza alilazimika kuthibitisha mahakamani uzembe wa mwajiri. Lakini wepesi huo haukatazi kuongeza kipimo cha ufundi uliopotea. Nchini Tanzania, kwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Fundi asiyeweza tena kushona kwa kupoteza kidole huweza kubaki chini ya mstari huo, bila pensheni.