Nani Aweza Kumwuzulu Jaji?

Siku moja katika chuo chetu cha ualimu, somo la historia lilipokuwa likikaribia mwisho, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, mwizi huhukumiwa na jaji. Je, jaji mwenyewe akikosa, ahukumiwa na nani?" Wenziwe wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao, kisha tukaona kwamba hatuna jibu fupi la kumpa. Basi leo twataka kulijibu swali lake kwa kisa kilichotukia Marekani mwaka 1805, siku jaji wa mahakama iliyo juu ya mahakama zote za nchi ile aliposimamishwa kama mshtakiwa.

Walakini kisa hicho mzizi wake uko Uingereza, nasi hatuna budi kuanza huko. Zamani jaji wa Uingereza alikaa kitini kwa muda apendao mfalme, na mfalme akichukizwa, kazi ikaisha. Mwaka 1616 Mfalme James wa Kwanza aliwaita majaji wake mbele yake, kwa kuwa walikuwa wamekataa kuahirisha kesi moja iliyogusa mamlaka yake. Majaji wakapiga magoti. Mfalme akawauliza, je, siku za mbele akiagiza kesi isimame mpaka ashauriane nao, wataisimamisha? Wote wakakubali isipokuwa mmoja, Sir Edward Coke, aliyejibu kwamba itakapotokea kesi kama hiyo atafanya limpasalo jaji kufanya. Kabla mwaka haujaisha Coke aliuzuliwa.

Wafalme waliomfuata nao waliwafukuza majaji, mpaka Bunge likachoka. Katika sheria ya mwaka 1701 iliandikwa kwamba jaji atashika kazi maadamu mwenendo wake ni mwema, na kwamba hataondolewa ila Mabaraza yote mawili ya Bunge yamwombe mfalme amwondoe. Mlango huo umefunguliwa mara moja tu. Mwaka 1830 Sir Jonah Barrington, jaji wa mahakama ya mambo ya bahari huko Ireland, aliondolewa kwa kujitwalia fedha zilizokuwa zimewekwa mahakamani.

Sheria hiyo njema haikuvuka bahari. Katika makoloni majaji waliendelea kukaa kwa mapenzi ya mfalme, na watu wa Marekani walipotangaza uhuru wao mwaka 1776, hilo lilikuwa mojawapo ya malalamiko yao: kwamba mfalme amewafanya majaji wategemee matakwa yake peke yake, kwa kazi yao na kwa mshahara wao. Nasi wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Hata mwaka 1953 mahakama ya London iliamua kwamba jaji wa koloni alikuwa mtumishi wa kuondoshwa apendapo mfalme. Na katika Kenya huru, mwaka 1988 Bunge lilibadili Katiba likawaondolea majaji kinga ya kazi yao; mwaka 1990 likawarudishia.

Kati ya watu 56 waliotia sahihi tangazo lile la Marekani alikuwamo mwanasheria wa Maryland, jina lake Samuel Chase. Mshikeni jina, kwa kuwa ndiye mtu wa kisa chetu.

Katiba ya Marekani ilipotungwa mwaka 1787, watungaji waliyachukua maneno yale ya Kiingereza, ya kwamba jaji akae maadamu mwenendo wake ni mwema, wakaongeza kwamba mshahara wake usipunguzwe. Juu ya kumwondoa, njia waliyoitaja ni hii: Baraza la Wawakilishi humshtaki kwa wingi wa kura, kisha Seneti huketi kama mahakama na kumsikiliza. Haondoki ila theluthi mbili za maseneta waliopo waseme kwamba ana hatia. Na makosa yenyewe ni uhaini, rushwa, na makosa mengine makubwa. Makosa makubwa ni yapi? Katiba haikusema, na hapo ndipo ugomvi ulipopata nafasi.

Mwaka 1796 Rais Washington alimweka Chase katika Mahakama ya Juu. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso mwekundu, hodari wa sheria, na ulimi wake haukuwa na lijamu. Siku zile majaji wa Mahakama ya Juu walizunguka pia katika majimbo wakisikiliza kesi. Mwaka 1800, huko Philadelphia, aliletewa John Fries, aliyekuwa amewaongoza wakulima wa Pennsylvania kuipinga kodi ya nyumba na ardhi, akashtakiwa uhaini. Kabla mawakili hawajafungua vinywa, Chase aliwapa karatasi yenye maoni yake juu ya sheria ya uhaini. Mawakili wakaona kesi imekwisha kuamuliwa, wakajitoa. Fries akahukumiwa kunyongwa, na roho yake iliokolewa na msamaha wa Rais Adams. Mwaka huohuo, huko Richmond, mwandishi James Callender aliletwa mbele ya Chase kwa kumtukana Rais huyo katika kitabu. Jaji aliwakatiza mawakili wake mara kwa mara, na mshtakiwa akapata kifungo cha miezi tisa na faini ya dola 200.

Mwaka 1801 serikali ikageuka. Thomas Jefferson akawa Rais, na chama chake, kilichoitwa Republican (si kile chenye jina hilo leo), kikashika mabaraza yote mawili. Majaji karibu wote walikuwa wa chama kilichoshindwa, yaani Federalist. Mwezi wa Mei 1803, huko Baltimore, Chase akiwafundisha kazi raia walioitwa kupima mashtaka, aliacha sheria akaanza kuishutumu serikali na kulaumu desturi ya kumpa kila mtu kura. Habari zikamfikia Jefferson. Akamwandikia mjumbe mmoja wa Bunge akimwuliza kama jambo hilo lifaa kupita bila adhabu, akaongeza kwamba yeye mwenyewe ni afadhali asijiingize. Huo ni werevu wa kiongozi: jiwe lirushwe, na mkono usionekane.

Mnamo tarehe 12 Machi 1804 mambo mawili yalitukia pamoja. Seneti ilimwuzulu John Pickering, jaji wa mahakama ya chini huko New Hampshire, aliyekuwa mlevi na mwenye kurukwa na akili. Twaona mashaka katika hukumu hiyo, maana mgonjwa wa akili si mhalifu. Lakini Katiba haikuwa na mlango mwingine wa kumtoa. Na siku hiyohiyo Wawakilishi, kwa kura 73 dhidi ya 32, wakamshtaki Chase. Kila mtu alielewa kwamba Pickering alikuwa wa kujaribia panga, na Chase ndiye mti wenyewe.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Februari 1805. Aliyekalia kiti alikuwa Makamu wa Rais, Aaron Burr, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amemwua Alexander Hamilton kwa bastola katika pambano la wawili, naye mwenyewe alikuwa akitafutwa kwa kosa hilo. Hata hivyo waliokuwapo walikiri kwamba aliendesha kesi kwa haki.

Mashtaka yalikuwa manane, lakini hoja ilikuwa moja. Baadhi ya viongozi wa Republican walisema kwamba kumwuzulu jaji hakuhitaji kosa la jinai. Ni Bunge kumwambia tu kwamba maoni yake ni ya hatari na kiti chake chatakiwa na mwingine. Mawakili wa Chase walijibu kwamba bila uvunjaji wa sheria hapana kosa, na kwamba jaji akiweza kuondolewa kwa maneno yake, basi kila chama kitakachoshinda kitaleta majaji wake. Mkuu wa washtaki, John Randolph wa Virginia, hakuwa mwanasheria. Hotuba yake ya mwisho ilipotea njia, naye akalalamika kwamba karatasi zake zimepotea.

Tarehe 1 Machi kura zikapigwa. Maseneta walikuwa 34, na 25 kati yao walikuwa wa Republican. Zilizohitajika ni kura 23, kwa hiyo chama kilikuwa nazo na ziada ya mbili. Lakini shtaka lililopata kura nyingi kuliko yote, lile la maneno ya Baltimore, lilipata 19 tu. Shtaka moja halikupata hata kura moja. Maseneta sita wa Republican walikataa kumtia Chase hatiani. Hatudhani kwamba walimpenda. Wengi wa chama chao walimchukia. Nasi twasema wazi kwamba katika kesi ya Fries, Chase alikosa. Lakini hao sita waliona kwamba ubaya wa jaji ni kitu kimoja, na kosa la kumwondoa jaji ni kitu kingine.

Randolph alirudi barazani siku hiyohiyo kwa hasira, akapendekeza Katiba ibadilishwe ili Rais aweze kumwondoa jaji akiombwa na mabaraza yote mawili. Tazameni ajabu: ndiyo ile njia ya Kiingereza ya mwaka 1701! Pendekezo halikufika popote. Jefferson naye miaka ya baadaye aliandika kwamba mashtaka ya namna hiyo hayafikii hata sanamu ya kutishia ndege shambani.

Mwaka 1937 Rais Roosevelt, akisumbuliwa na hukumu za mahakama ile, hakujaribu kuwauzulu majaji. Alitaka kuwaongezea wenzao, na Seneti ikakataa. Mwaka 1969 Jaji Abe Fortas alijiuzulu mwenyewe, ilipojulikana kwamba alikubali fedha kutoka kwa shirika la tajiri mmoja aliyekuwa akichunguzwa na serikali. Wako majaji wanane wa mahakama za chini waliouzuliwa na Seneti. Wa Mahakama ya Juu hayuko hata mmoja, wala hakuna mwingine aliyeshtakiwa mbele yake baada ya Chase.

Yeye alirudi kitini pake. Hotuba za siasa mbele ya raia wa mahakama aliziacha, na majaji wenzake wakajihadhari nazo. Alikufa tarehe 19 Juni 1811, angali jaji.