Masomo ya Nyumbani Kisii na Nyamira: Tulikotoka

Ndugu msomaji, unaikumbuka Ramadhani ya mwaka 2020? Ilitukuta tumefungiwa. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, misikiti nayo ikafungwa, na taraweh tukaiswali sebuleni, watoto wamepanga safu nyuma yetu. Hapa Kisii na Nyamira mvua ndefu ilikuwa imeshika kasi, mashamba yanataka palizi, na watoto wako nyumbani kutwa. Malalamiko yakaanza: "Hawa watoto tutawafanya nini sasa?" Redio ikaleta vipindi vya masomo, wenye simu za maana wakatumiwa kazi kwa WhatsApp, na wengi wetu tukakaa tu tukingoja serikali iseme shule zitafunguliwa lini.

Hebu tulichukue swali hilo tulirudishe nyuma miaka mia moja na ushei. Kwani wazee wa milima hii walikuwa wakiwafanya nini watoto wao, na hakukuwa na darasa hata moja toka Kisii mpaka Nyamira? Usije ukadhani walikuwa wanazurura. Walikuwa na mwaka mzima wa masomo, ila ratiba yake ilipangwa na mvua.

Tuanze na boma. Mgusii huliita omochie. Kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake la nafaka. Watoto wa nyumba moja walilima shamba la mama yao na kula chungu cha mama yao, kwa hiyo mwalimu wa kwanza alikuwa mama. (Hapa wageni huchekesha watu. Kwa Ekegusii "baba" ni mama, na baba ni "tata". Ukisikia mtoto analia "baba", usikimbilie kumwita mzee.) Lakini mama alikuwa na jembe mkononi, hawezi kukaa na mtoto mchanga. Mtoto alikabidhiwa omoreri, yaani mlezi, na huyo mlezi mwenyewe alikuwa ni dada yake au kaka yake wa miaka sita, saba au nane. Basi elewa kwamba mtoto wa umri ambao leo tunamfungia kamba za viatu alikuwa na roho ya mtu mgongoni.

Mwaka ulianza na jembe. Januari na Februari ardhi ililimwa, na wimbi likapandwa kabla mvua kubwa haijatua. Wimbi ndilo lililokuwa nafaka ya heshima, ugali wake mweusi wenye nguvu, kabla mahindi hayajaja kulipiku. Palizi yake sasa ndiyo ilikuwa somo gumu. Liko gugu linalofanana na wimbi kama pacha: jani lile lile, rangi ile ile, na miche ikiwa michanga hata mtu mzima anaweza kung'oa chakula akaacha magugu. Msichana aliinama kando ya mama yake siku baada ya siku, anaangalia, anajaribu, anakemewa, mpaka jicho lake likajua. Hakuna aliyemwandikia ubaoni. Na mtihani hauna kudanganya, kwa sababu matokeo yake yanaingia ghalani.

Palizi haikufanywa peke yako. Wanawake wa jirani walifanya egesangio, leo shamba langu, kesho lako. Kazi kubwa zaidi iliitiwa risaga, watu wengi kwa siku moja, na mwenye shamba anawakirimu. Watoto walifuata humo humo na kujifunza deni la jirani linavyolipwa.

Wavulana walikuwa malishoni. Ng'ombe akiingia kwenye wimbi la mtu, kesi ilikuja nyumbani kabla ya mvulana mwenyewe kufika. Wimbi lilipokomaa watoto walikesha mchana kufukuza ndege. Julai na Agosti masuke yakakatwa kwa kisu, moja moja, yakaanikwa, yakapurwa. Baadaye siku zikalegea: wageni, harusi, mzee anapiga obokano, ule uzeze mkubwa wa nyuzi nane, na usiku watoto wanajazana kwa magokoro, yaani bibi yao.

Hapo kwa bibi na babu nataka tukae kidogo. Mgusii alikuwa na adabu kali kati ya baba na mwana, wanaiita chinsoni, haya ambazo ukizivunja unaaibisha ukoo. Mambo mengi baba hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe. Babu na bibi walikuwa huru, wanataniana na wajukuu, na ndio waliobeba somo la tarehe: sisi ni nani, tulitoka wapi. Walihesabu vituo: Mlima Elgon, Goye kule Yimbo karibu na ziwa, nyanda za Kano, halafu Kabianga ambako wanasimulia kwamba baridi na ukungu viliwamalizia mazao na mifugo, ndipo wakapanda milima hii. Mwaka 1974 mwanahistoria William Ochieng' alichapisha kitabu juu ya Wagusii kabla ya ukoloni, na alipataje habari zake? Aliwaendea wazee akawasikiliza. Yaani historia ambayo watoto wetu wanaifanyia mtihani ilihifadhiwa na watu ambao hawakukanyaga shule, kwa sababu waliisomeshwa nyumbani na wao wakaisomesha.

Kati ya 1955 na 1957 walikuja Wamarekani wawili, Robert LeVine na Barbara LeVine, wakakaa na Wagusii wa mahali wanapopaita Nyansongo wakiandika jinsi watoto wanavyolelewa. Utafiti huo ulikuwa mmoja kati ya sita: mwingine India, mwingine Okinawa, Ufilipino, Mexico, na mmoja Marekani kwenyewe. Matokeo yalipolinganishwa, watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi nyingi zaidi za nyumbani, na miongoni mwa waliozoea zaidi kuwasaidia na kuwaangalia wenzao. Watoto wa mji ule wa Marekani walielekea kutaka kusaidiwa na kuangaliwa wao. Usishangilie mapema lakini. Waligundua pia kwamba mama wa Kigusii alimwamrisha mtoto sana, hakuzungumza naye sana, na sifa alizificha kwa kuogopa mtoto atavimba kichwa. Mtoto muulizaji alionekana mtovu wa adabu. Mimi binafsi naona hilo lilikuwa pengo, na mpaka leo baadhi yetu tunalo.

Na kuna jingine zito. Mtihani wa mwisho wa masomo hayo ulikuwa jando, baada ya mavuno, kuelekea mwisho wa mwaka. Wavulana waliwekwa faraghani, wakatunza moto usizimike mpaka muda uishe, wakafundishwa heshima, na wakitoka hawalali tena kwa mama. Lakini wasichana nao walikatwa, na wakaambiwa huko ndiko kukua. Sheria ya watoto ya 2001 ilikataza ukeketaji wa wasichana wadogo, na ya 2011 ikaupiga marufuku kabisa. Bado upo, unafanywa kwa siri, na mara nyingi anayempeleka binti ni yule yule bibi mwenye hadithi tamu. Ukitaka kusifu masomo ya nyumbani, sifu ukijua na hili.

Basi kengele ililia lini? Wamisionari wa Kikatoliki walifika Nyabururu 1911, Wasabato wakaweka kituo Nyanchwa muda mfupi baadaye, na 1934 serikali ikafungua shule ambayo leo ni Kisii School. Wazee mwanzoni walitoa mtoto mmoja, wengine wabaki na ng'ombe. Kisha kahawa ikaja miaka ya 1930, majani chai miaka ya 1950, karo zikapata pesa za kulipa, na kila mtu akaona mwenye kalamu anakula vizuri kuliko mwenye fimbo. Kitu cha ajabu ni kwamba kalenda ya zamani haikufa mara moja, ilijibanza ndani ya likizo. Aprili watoto walipalilia, Agosti walivuna, jando likahamia Desemba. Miezi mitatu kati ya kumi na miwili.

Lakini yule omoreri aliingia darasani, na mama akabaki na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Mwaka 2003 masomo ya msingi yakawa bure, na sheria ya elimu ya 2013 ikasema mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Na hata ungetaka kurudisha lile darasa la malishoni, malisho yenyewe yako wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana mpaka ng'ombe mmoja anafungwa kamba kando ya barabara.

Ndiyo maana 2020 ilitushtua. Mtaala mpya wa umilisi, ambao ulianza rasmi 2019 kwa madarasa ya chini, ulikuwa tayari unamtaka mzazi ashiriki kumfundisha mwanawe, nasi tukalalamika kwamba tunafanyishwa kazi ya mwalimu. Korona ikaja ikatuachia kazi yote. Nyumba nyingi bibi yuko kijijini, watoto wako mjini, na usafiri umebanwa. Walimu walikuwepo, wanafunzi walikuwepo, ila hawakuwa nyumba moja.

Kule Tabaka, kusini kidogo, hawakuhangaika sana upande huo. Pale nyumba inachonga mawe laini: baba anachonga, mama na watoto wanasugua kwa msasa na maji mpaka kinyago kinang'aa. Watalii walikatika, pesa zikakatika, lakini mkono wa mtoto uliendelea kusoma.

Oktoba 2020 walirudi shuleni wa darasa la nne, la nane na kidato cha nne. Wengine wote walirudi tarehe 4 Januari 2021, barakoa usoni, viatu vimewabana kwa vile miguu ilikua. Ilikuwa Januari, mwezi wa jembe. Ukipita Keroka au Nyamira asubuhi ile uliwakuta watoto wanashuka mlima na mabegi, na kina mama wanapanda mlima na majembe, wanasalimiana njiani.