Udongo wa Warren
Tukisimulia harakati za mazingira Marekani, twapenda kuanza na Rachel Carson na kitabu chake cha mwaka 1962. Si vibaya, ila wanyonge nao waliingia kwa mlango wao. Mwaka 1978 mafuta ya sumu yalimwagwa usiku kandokando ya barabara za North Carolina. Serikali ya jimbo ikaamua kuuzika udongo huo Warren, wilaya maskini yenye Wamarekani Weusi wengi. Septemba 1982 malori yalipowasili, wananchi, wazee kwa watoto, walijilaza barabarani; zaidi ya 500 wakakamatwa. Hapo, kwa maoni yangu, haki za raia na hifadhi ya ardhi zilipata kuwa dai moja. Shimo halikuzuilika. Udongo ule ulisafishwa baada ya miaka 20 na ushei.