Uchongaji kwa Msumeno wa Mnyororo

Mchonga vinyago huchonga vinyago, mchonga mizinga huchonga mizinga. Je, mchonga msumeno huchonga nini? Hapo ndipo tafsiri ya harakaharaka hukwama. Jina la Kiingereza la sanaa hii limebandika pamoja mnyororo, msumeno na kuchonga, likamwachia msikilizaji akisie uhusiano wao. Kiswahili hudai uhusiano huo utajwe. Ukisema "uchongaji wa msumeno", utadhaniwa unamzungumzia fundi anayenoa meno kwa tupa, kwa sababu "wa" hapo huelekeza kwenye kinachochongwa au anayechonga. Kifaa huletwa na "kwa". Istilahi inayofaa, basi, ni uchongaji kwa msumeno wa mnyororo.

Wapasua mbao wengine huuita msumeno huo chenso, na wanaelewana. Lakini jina refu linaeleza umbile lenyewe: meno yamepangwa kwenye mnyororo unaozungushwa na injini kandokando ya ubapa wa chuma. Mwaka 1946, huko Oregon, Marekani, mkata miti Joseph Cox aliliona buu likitafuna kisiki. Taya zake zilizopinda zilikula kushoto na kulia, likipita kwenye nyuzi za mti na hata kuzikata. Akaziiga taya hizo kwa chuma, na mwaka uliofuata akaanza kuuza minyororo yenye meno ya kupinda. Umbo hilo lingali likitumika.

Kwa nini kuchonga, si kukata? Kukata gogo ni kulitenganisha. Kuchonga ni kuondoa kisichotakiwa mpaka umbo libaki. Ndiyo maana penseli huchongwa, na mtumbwi, na hata ufunguo. Mtazame anayechonga dubu, sanamu inayopendwa mno Marekani. Husimamisha gogo la msonobari, akaangusha mapande makubwa mpaka kichwa na mabega yajitenge. Kisha huchukua msumeno wenye ubapa mwembamba, ambao ncha yake ni ndogo hata ikapewa jina la sarafu ya senti kumi. Kwa ncha hiyo huchimba macho na kufungua mdomo, halafu hukwaruza mwili mistari mifupi mifupi: hayo ndiyo manyoya. Mwisho huupitishia moto wa gesi, kisha akausugua. Palipoinuka hung'aa, mifereji hubaki nyeusi.

Imebaki istilahi moja ambayo asiyeijua asiguse mashine. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu una la tatu. Upande wake wa chini hujivuta kuelekea kwenye gogo, wa juu humsukumia mshikaji, lakini kona ya juu ya pua ya ubapa ikigusa mti, meno hung'ang'ania na ubapa mzima huruka juu kumfuata mtu usoni. Mtu angeweza kuuita mruko huo "mrejeo wa ghafla wa ubapa". Mimi napendekeza teke. Mchongaji wa kujifurahisha, aliye uani kwake Jumamosi huku masikio yamezibwa, anafanya kazi kwa pua hiyohiyo. Ncha nyembamba hulipunguza teke, hailifuti. Neno la kumwonya sharti liwe fupi kiasi cha kupigiwa kelele juu ya mngurumo wa injini.