Kitabu cha anwani kikiharibika kwenye seva ya barua pepe

Mwezi wa pili 2024 vita ilifika Shasha, wilayani Masisi, kwenye barabara ya Sake na Minova. Watu walikimbia kila upande. Wakati kama huo, bila namba ya simu ao anwani, hauwezi kujua ndugu ao mwenzako wa kazi yuko wapi.

Ofisi nyingi zinaweka anwani hizo kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kugawa barua pepe za wafanyakazi wote. Umeme ukikatika ao betri ya jua ikiisha wakati seva inaandika, faili linabaki nusu. Kesho yake unafungua, majina hayaonekani.

Kama seva ni ya Microsoft Exchange, angalia kwanza nini kimeharibika. Orodha ya wafanyakazi wote inatoka kwenye Active Directory. Anwani ambazo kila mtu alijiandikia zinakaa ndani ya sanduku lake la barua, kwenye faili la .edb. Hilo la pili linatengenezwa hivi:

1. Funga hifadhidata, watu waache kutuma na kupokea.
2. Kopi .edb na faili zote za .log kwenye diski ingine. Usijaribu kitu mbele ya kufanya kopi.
3. Amri ya eseutil /mh inaonyesha kama hifadhidata ilifungwa vizuri ao hapana.
4. Kama hapana, tumia eseutil /r na herufi za mwanzo za .log, mfano E00. Inamalizia kazi iliyokatika.
5. Kama .log zimepotea, rudisha kopi ya akiba.
6. Kama hakuna akiba, ndipo eseutil /p. Inatupa kurasa zisizosomeka, pamoja na majina yaliyokuwa ndani. Kisha hamisha masanduku kwenye hifadhidata mpya.

Ukianza na namba 6 kwa sababu ya haraka, faili litafunguka na utafurahi. Lakini jina lililotupwa halitoi alama. Utajua siku unalitafuta.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi toa orodha kwenye faili la CSV, uiweke mbali na seva. Ukiichapisha kwenye karatasi, ifungie. Orodha ya majina na namba ikianguka kwa mikono mibaya wakati wa vita, inaweza kuleta hatari kwa wenye majina hayo.